UZI: Charlotte Friend, mwanasayansi aliyezifanya seli za saratani ya damu zikomae na kuwa nyekundu

MtuWaMaabara

Wakuu, salaam.

Kila mada ya saratani ya damu ikiletwa humu, mjadala unaishia kwenye gharama na kwenye dawa za kuua seli. Leo naomba tukae na mtu mmoja aliyeonyesha jambo tofauti kabisa: kwamba seli ya lukemia, yaani saratani ya damu, inaweza kushawishiwa ikaacha kuzaana ovyo, ikaendelea na safari yake ya kukomaa. Anaitwa Charlotte Friend, wa New York. Kwa Kiswahili ni nadra sana kukuta habari zake, na kwangu mimi huyu ni miongoni mwa watu wakubwa wa karne iliyopita.

Kazi yangu ni maabara ya damu, kwa hiyo nitaanzia kwenye slaidi. Bila kujua seli nyekundu inavyotengenezwa, alichofanya huyu mama hakitaeleweka uzito wake.

Uboho wa mtu mzima unatoa takriban seli nyekundu milioni 2 kila sekunde. Ndiyo, kila sekunde. Kila seli inaishi siku 120 hivi, kisha inaondolewa na nyingine inachukua nafasi. Safari inaanzia kwenye seli shina, na hatua ya kwanza unayoweza kuitambua vizuri kwa hadubini inaitwa proerithroblasti. Ni seli kubwa, kiini chake kimejaa karibu seli nzima, na ukiipaka rangi ya Giemsa ute wake unatoka bluu iliyokolea. Inagawanyika mara kadhaa, na kila ikigawanyika inapungua ukubwa. Kiini kinasinyaa na kuwa kidonge cheusi. Hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, inaanza kujaa, bluu inafifia, inakuja rangi ya kijivujivu, halafu pinki. Mwishoni seli inafanya jambo ambalo kila nikiliona linanishangaza: inakitupa nje kiini chake chote, na seli za jirani zinakimeza. Kinachobaki ni retikulosaiti, ambayo baada ya siku moja au mbili ni seli nyekundu kamili yenye molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270. Tangu proerithroblasti hadi hapo ni kama wiki moja.

Sasa lukemia, hasa ile kali inayokuja haraka, ni nini? Ni seli changa iliyokwama njiani. Ni kama mwanafunzi asiyetoka darasa la pili huku shule ikiendelea kuandikisha wengine wa darasa hilo hilo, mpaka madawati yote yamejaa na madarasa ya juu hayana mtu. Uboho unajaa seli changa tunazoziita blasti. Seli nyekundu zinakosa nafasi, mgonjwa anapauka. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zinakosa nafasi, anatokwa damu kwenye fizi na puani. Seli nyeupe zilizokomaa zinapungua, homa haziishi.

Swali kubwa likawa: hiyo seli iliyokwama, uwezo wa kukomaa imeupoteza moja kwa moja, au bado inao ndani, umezibwa tu? Friend ndiye aliyelijibu kwa macho, ndani ya chupa ya maabara.

Nakuja.

Nyanda wa Kahama

Niko siti ya mbele mkuu. Shusha nondo.

Binti Mwambao

Hapo kwenye kutupa kiini umenimaliza. Kwa hiyo seli nyekundu iliyo kwenye damu yangu haina vinasaba?

MtuWaMaabara

Dada Binti Mwambao, ndivyo. Seli nyekundu iliyokomaa ya binadamu haina kiini, kwa hiyo haina DNA ya kiini na haiwezi kugawanyika tena. Shika hilo vizuri: seli inayokomaa kufikia hapo haiwezi tena kuwa saratani, kwa sababu haina cha kuzaliana nacho. Ndiyo maana wazo la kuikomaza seli ya lukemia lina nguvu. Huhitaji kuiua. Ukiifikisha mwisho wa safari, itazeeka na kuondoka yenyewe.

Tuendelee.

Charlotte Friend alizaliwa New York tarehe 11 Machi 1921, wazazi wake wahamiaji kutoka Urusi. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka 3. Alisoma Hunter College, akamaliza 1944 vita vikiwa vimepamba moto, akaingia jeshi la majini la Marekani na kupangiwa maabara ya damu. Baada ya vita akaenda Yale, akapata uzamivu wa bakteriolojia mwaka 1950, na akawa mtafiti katika taasisi ya Sloan-Kettering pale pale New York.

Miaka hiyo ya 1950 alikuwa anaangalia seli za uvimbe wa panya kwa hadubini ya elektroni, akaona vijichembe vilivyojipanga kwa namna inayofanana na virusi. Wengi wangepita. Yeye akachukua majimaji ya seli hizo, akayachuja mpaka hakuna seli hata moja iliyobaki, akawachoma panya. Baadhi yao wakapata lukemia. Akatoa bandama za wale waliougua, akazisaga, akachuja tena, akachoma wengine. Nao wakaugua. Bandama zao zilivimba hata zaidi ya mara kumi ya kawaida, na ini likavimba nalo.

Ona mantiki yake. Kama hakuna seli katika yale majimaji, basi saratani haikupandikizwa kwa kuhamisha seli za saratani. Kuna kitu kidogo kuliko seli kinachoambukiza.

Mwaka 1956 akayawasilisha matokeo hayo kwenye mkutano wa chama cha watafiti wa saratani cha Marekani. Walimshambulia. Wakati ule kusema virusi vinaleta saratani kwa mnyama anayenyonyesha kulichukuliwa kama ushirikina wa maabara. Na si kwamba hakukuwa na ushahidi wa nyuma: Ellermann na Bang kule Denmark walishahamisha lukemia ya kuku kwa majimaji yaliyochujwa mwaka 1908, Peyton Rous akaonyesha kirusi cha uvimbe wa kuku mwaka 1911, na Ludwik Gross akaonyesha cha panya mwaka 1951. Lakini kuku walisemwa ni kuku, na panya wa Gross ilibidi wachomwe wakiwa vichanga kabisa. Wa Friend walikuwa panya wazima. Hapo ndipo palipowachoma wakubwa.

Friend hakujibizana nao. Alichapisha kazi yake 1957, na maabara nyingine zikairudia na kupata majibu yale yale. Kirusi kikaitwa kwa jina lake, na mpaka leo kinaitwa virusi vya Friend.

Mzee wa Ujiji

Kijana, mwaka 1958 hapo jirani Uganda daktari Burkitt alieleza uvimbe wa taya kwa watoto. Nao ulikuja kuonekana unahusiana na virusi. Naona ni kipindi kimoja.

MtuWaMaabara

Shikamoo mzee. Hakika ni kipindi kimoja. Denis Burkitt alikuwa Mulago, Kampala. Sampuli za wagonjwa wa Uganda zilisafirishwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli hizo, hiki tunachokiita EBV, yaani kirusi cha Epstein-Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na watoto wa Afrika Mashariki ndio waliokuwa wanaumia. Kwa hiyo wale waliomshambulia Friend 1956, miaka minane baadaye hoja yao ilikuwa imekwisha.

Mama Kizito

Samahani mwalimu, naomba kuuliza kabla hujaendelea. Kwa maelezo haya saratani ya damu inaambukiza? Mtoto wa jirani yangu anaumwa na watu wameanza kuwazuia watoto wao wasicheze naye.

MtuWaMaabara

Mama Kizito, asante kwa kuuliza. HAIAMBUKIZI. Virusi vya Friend ni vya panya, haviwaletei binadamu ugonjwa. Kipo kirusi kimoja cha binadamu kinachoweza kuleta lukemia ya aina fulani, kinaitwa HTLV-1, kiligunduliwa mwaka 1980. Nacho kinapita kwa maziwa ya mama, ngono na damu, wengi walio nacho hawaugui maisha yao yote, na lukemia yake ni ya watu wazima. Lukemia za watoto tunazoziona hospitalini si za kuambukizana. Yule mtoto acheni acheze na wenzake siku anazojisikia. Kama kuna tahadhari, ni ya kumlinda yeye: aliye na mafua au homa asimkaribie, maana kinga yake iko chini, hasa akiwa kwenye dawa. Tafadhali waambie majirani.

MtuWaMaabara

Sasa tufike kwenye kiini cha uzi.

Mwaka 1966 Friend alihamia Mount Sinai, pale pale New York, akaongoza kituo chake cha utafiti. Tayari walikuwa wamefanikiwa kuzikuza seli za lukemia ya wale panya nje ya mwili, kwenye chupa, zikaendelea kuzaana bila kikomo. Zilikuwa zimekwama katika hatua ya proerithroblasti, ile seli ya bluu niliyoeleza juu. Lakini yeye na wenzake waliona jambo dogo: katika kila chupa, seli chache sana zilikuwa zinajikomaza zenyewe na kutengeneza hemoglobini kidogo. Chache mno, lakini zipo.

Mwaka 1971 yeye pamoja na William Scher, J. G. Holland na Toru Sato wakachapisha makala fupi. Waliweka kwenye chupa kiyeyushi kinachoitwa DMSO, kiasi cha asilimia 2 hivi, kisichozizuia seli kuzaana. Baada ya siku chache seli zilianza kubadilika kwa wingi. Zikapungua ukubwa, kiini kikasinyaa, zikatengeneza himu (ile sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma) na hemoglobini yenyewe. Ukizipaka benzidini, ambayo inashika penye hemoglobini, zinaonekana wazi.

Na huhitaji hata hadubini. Chukua chupa mbili za seli hizo, moja yenye DMSO na nyingine isiyo nayo. Zizungushe kwenye sentrifuji mpaka seli zikae chini ya bomba. Bomba la kwanza lina kitonge chekundu. La pili kitonge chake ni cheupe. Seli ni zile zile, ukoo mmoja, zote za saratani. Wanafunzi wa baiolojia duniani wamekuwa wakifanyishwa jaribio hilo kwa miaka mingi, na kila anayelifanya anaelewa kwa sekunde moja.

Makala ile ilisema mambo mengine mawili ambayo watu huyasahau. Kwanza, ukiiondoa DMSO, idadi ya seli zilizokomaa inashuka tena. Maana yake zile ambazo hazijavuka bado ziko tayari kurudi kwenye ukorofi. Pili, seli zilizokuzwa ndani ya DMSO ukizirudisha kwa panya, makali yake ya kusababisha saratani yanakuwa yamepungua.

Hapo ndipo jibu la swali letu la mwanzo lilipopatikana. Uwezo wa kukomaa haukupotea. Ulizibwa.

Nyanda wa Kahama

Mkuu hii DMSO naiona inauzwa mitandaoni, wanasema inatibu saratani. Kumbe ni kweli?

MtuWaMaabara

Hapana, Nyanda, na nakuomba usimshauri mgonjwa yeyote aitumie. DMSO haijawahi kuwa dawa ya lukemia kwa binadamu. Jaribio la 1971 lilikuwa kwenye chupa, kwa seli za panya, na kipimo kile cha asilimia 2 ndani ya mwili mzima wa mtu ni jambo jingine kabisa. Hospitalini DMSO ina kazi zake: inatumika kugandisha seli shina zinazosubiri kupandikizwa, zisipasuke kwa barafu, na Marekani iliruhusiwa mwaka 1978 kwa maumivu ya aina fulani ya kibofu cha mkojo. Basi. Aliyewahi kumhudumia mgonjwa aliyerudishiwa seli zilizogandishwa nayo anaijua harufu yake, pumzi inanuka kama vitunguu saumu. Anayeuza chupa mtandaoni akisema inaponya saratani anauza maisha ya watu, na anachukua jina la kazi ya heshima kufanya hivyo. Hili linaniudhi kwelikweli.

Mwanafunzi MD3

Daktari, samahani kama swali ni la kitaalamu sana. Nani alikuja kueleza kwa nini zilikwama? Yaani kirusi kinafanya nini hasa?

MtuWaMaabara

Mimi si daktari, mdogo wangu, ni wa maabara. Lakini swali lako ndilo tamu kuliko yote.

Kawaida seli nyekundu changa inasubiri amri kutoka kwenye figo. Oksijeni ikipungua, figo inatoa homoni ya erithropoietini, EPO. Hiyo EPO inashika kipokezi kilicho juu ya seli changa, seli inaishi na kuzaana. Wenye ndugu wanaosafishwa figo wanaijua sindano ya EPO: figo ikifa, homoni inakosekana, damu inashuka, inabidi wachomwe.

Virusi vya Friend vinabeba protini inayoitwa gp55. Mwaka 1990 kundi la Marekani lililokuwa na Alan D'Andrea, Harvey Lodish na David Baltimore lilionyesha kwamba gp55 inakikamata kipokezi cha EPO na kukiwasha bila EPO kuwepo. Seli inaamini figo inaita, na wito hauishi. Inazaana tu.

Na kabla ya hapo, 1989, jeni la kipokezi chenyewe cha EPO lilipatikana kwa mara ya kwanza. Walilitoa wapi? Kwenye seli za lukemia za panya, za ukoo ule ule wa Friend. Kwa hiyo ujuzi wetu wa namna seli nyekundu ya kawaida inavyoitika EPO umepitia kwenye chupa zake.

Lakini kuzaana peke yake si kukwama. Panya aliyeambukizwa mwanzoni ana seli nyingi zinazozaana na nyingine zinakomaa. Hatua ya pili ndiyo inayoleta saratani kamili. Kirusi kinapojichomeka kwenye DNA ya seli, mara kwa mara kinaangukia jirani na jeni moja ambalo kundi la Ufaransa la Françoise Moreau-Gachelin lililitambua mwaka 1988, wakaliita Spi-1. Linatengeneza protini ya PU.1. Hiyo kazi yake halali ni kusimamia seli nyeupe. Kwenye seli nyekundu haitakiwi. Ikizidi, inamshika GATA1, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa kuwasha jeni za seli nyekundu, pamoja na za hemoglobini. GATA1 akishikwa, seli haikomai. Ukiweka DMSO, kiwango cha PU.1 kinashuka, GATA1 anapumua, kitonge kinakuwa chekundu.

Hivyo ni vitu viwili: wito wa kuzaana usiozimika, na kizuizi cha kukomaa. Lukemia kali nyingi zinazowapata watu wazima zimejengwa kwa mchanganyiko wa aina hiyo hiyo, ingawa jeni ni nyingine.

Binti Mwambao

Na kwa binadamu kuna aliyepona kwa njia hii ya kukomaza? Au imeishia kwenye chupa?

MtuWaMaabara

Wapo, na ni wengi.

Shanghai, mwaka 1985, daktari Wang Zhenyi alimpa dawa ya jamii ya vitamini A, inaitwa ATRA, mtoto wa miaka 5 mwenye aina kali ya lukemia inayoitwa promielositi. Ni ugonjwa uliokuwa ukiua haraka kwa kuvuja damu. Mtoto akapata nafuu kamili. Mwaka 1988 walitoa ripoti ya wagonjwa 24, na wote ugonjwa ulitulia. Mmoja tu ndiye aliyehitaji kuongezewa dawa nyingine. Blasti hazikuuawa, zilikomaa. Hizo ni seli za upande wa nyeupe, na Wang alifuata hasa kazi za Leo Sachs wa Israeli, lakini wazo ni lile lile. Leo ATRA ikichanganywa na aseniki inaponya zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 wa aina hiyo, wakifikishwa mapema.

Njia iliyotoka moja kwa moja kwa Friend ni nyingine. Paul Marks na Richard Rifkind, wakiwa chuo kikuu cha Columbia, walizichukua seli zake, wakamshirikisha mkemia Ronald Breslow: DMSO inafanya kazi, je tunaweza kutengeneza kitu chenye nguvu zaidi kwa kipimo kidogo? Wakatengeneza kimoja baada ya kingine, wakipima kila mara kama seli za Friend zinakuwa nyekundu. Mwisho wakafika kwenye dawa ya vorinostati, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006. Na haikuruhusiwa kwa lukemia. Iliruhusiwa kwa limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli za kinga inayoshika ngozi. Miaka 35 kutoka kitonge chekundu hadi kidonge cha mgonjwa, tena mgonjwa wa saratani nyingine. Wanaobana bajeti za utafiti wa msingi waisome hiyo safari polepole.

Friend mwenyewe hakuiona. Aligundulika na limfoma mwaka 1981, akawaambia watu wachache sana, akaendelea kwenda maabara na kuandika maombi ya fedha za utafiti. Alifariki Januari 1987 akiwa na miaka 65. Alikuwa amechaguliwa kwenye akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani mwaka 1976, na mwanamke wa kwanza kuongoza akademia ya sayansi ya New York.

Mwanafunzi MD3

Na kwa upande wa seli nyekundu hasa, kuna dawa ya kukomaza?

MtuWaMaabara

Ipo luspaterseti. Inasaidia hatua za mwisho za kukomaa kwa seli nyekundu. Marekani iliruhusiwa 2019 kwa thalasemia ya beta, ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini, na 2020 kwa upungufu wa damu wa MDS, ule ugonjwa wa uboho ambao kwa baadhi ya wagonjwa hugeuka lukemia. Inapunguza idadi ya chupa za damu wanazoongezewa. Haiponyi MDS, hilo liwe wazi.

Mama Kizito

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimewasomea majirani sauti kwa sauti ile sehemu ya kuambukiza. Swali la mwisho: wa kwangu mwenyewe naye damu inashuka mara kwa mara, ameongezewa tayari. Ndiyo dalili?

MtuWaMaabara

Mama Kizito, kwetu huku mtoto kuishiwa damu mara nyingi ni malaria, minyoo, upungufu wa madini ya chuma au selimundu. Lukemia ni nadra ukilinganisha na hizo, kwa hiyo usianze kuogopa. Lakini damu inayoshuka mara kwa mara lazima itafutiwe sababu, kuongezewa tu hakutoshi. Omba afanyiwe FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, na uombe pia damu yake iangaliwe kwa hadubini, si mashine peke yake. Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe. Ukiona ana michubuko bila kuanguka, fizi zinatoa damu, mifupa inamuuma usiku, mitoki imevimba au tumbo limejaa upande wa kushoto, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo hospitali ya mkoa au ya rufaa. Una majibu yoyote ya FBP nyumbani? Niandikie HB (kiwango cha hemoglobini), seli nyeupe na chembe sahani, jina la mtoto usiliweke, nikusaidie maswali ya kumuuliza daktari.

Mama Kizito

Karatasi ninayo. Naitafuta sasa hivi.